Mwisho wa reli: SGR ikifika Kigoma, madaraja ya Mjerumani tuyafanye nini?

MwanaWaGangi (Kigoma)

Wakuu, mwakeye. Nawalenga zaidi watu wa Kigoma, Uvinza, Nguruka, Kaliua, Urambo na Tabora mjini, ila hata wa mbali karibuni jamvini.

Tangu mkataba wa SGR, reli mpya ya kisasa, kipande cha Tabora–Kigoma usainiwe Desemba 2022, kilomita 506, kila kijiwe hapa mjini habari ni fidia, ajira na lini treni ya umeme itaingia. Ni mambo ya maana. Lakini kuna moja sijasikia likiguswa: siku treni ikihamia njia mpya, madaraja ya njia ya zamani yatakuwa ya nani na yatafanya kazi gani?

Kwa wadogo zetu: Mjerumani alianza kujenga Reli ya Kati Dar mwaka 1905. Mwaka 1907 ilikuwa Morogoro, 1912 Tabora, na Februari 1914 ikagota hapa ziwani. Mkandarasi alikuwa Philipp Holzmann, na waliobeba mawe na mataruma, yaani yale magogo yanayolaliwa na reli, ni babu zetu, Wanyamwezi wakiwa wengi. Hata hawajapumua, vita ikaanza mwaka huohuo. Meli ya MV Liemba mnayoiona, wakati huo ikiitwa Graf von Götzen, ilitoka kiwandani Papenburg ikiwa vipande ndani ya maelfu ya masanduku, ikapita juu ya madaraja hayohayo, ikaunganishwa hapa Kigoma na kushushwa majini mwaka 1915. Mwaka uliofuata Wabelgiji wakaingia, na Mjerumani akawa anarudi nyuma huku akilipua madaraja aliyoyajenga juzi tu. Ndiyo maana si kila chuma unachokiona njiani ni cha 1914, ingawa sisi yote tunayaita ya Mjerumani.

Najua MGR, yaani hii reli ya zamani ya upana wa mita moja, haijafa. Inabeba mizigo na abiria mpaka leo, na mimi sidai ifungwe. Ila reli mpya inanyoosha kona, na inapokata moja kwa moja, daraja la zamani linabaki kule kwenye kona.

Wenzetu walishapitia hili. Paris kulikuwa na reli ya Vincennes iliyoingia mjini hadi Bastille juu ya daraja refu la matao. Ilifunguliwa 1859, ikafungwa 1969 abiria walipohamishiwa kwenye treni mpya za chini ya ardhi. Badala ya kulibomoa, juu wakaweka bustani ya kutembea, na chini, ndani ya matao, wakaweka karakana za mafundi: wa samani, wa ala za muziki, wa vitambaa. New York nao wakaiga wazo hilo kwenye High Line, reli ya juu iliyoanza 1934 kubeba mizigo ya viwanda na maghala na kusimama 1980. Mwaka 2009 ikafunguliwa kama bustani, na sasa watu wanapanga foleni kupanda.

Msimamo wangu nauweka mezani mapema. Picha za High Line zinavutia, lakini tukizifuata zilivyo tutapotea. Huku kwetu daraja litaokolewa na wanaolivuka kila siku. Kwanza liwe la waenda kwa miguu, baiskeli na bodaboda, utalii utafuata wenyewe ukitaka.

Karibuni mnipasue.

MzeeWaTumbaku (Urambo)

Mwangaluka. Kijana, umeandika vizuri ila umezunguka mno. Chuma ni fedha. Daraja likistaafu liuzwe kama chuma chakavu, zijengwe zahanati. Sisi huku tuna shule watoto wanakaa chini, wewe unataka bustani juu ya mto? Mwenye njaa humwonyeshi maua.

MamaMawese (Kazuramimba)

Baba yangu wa Urambo shikamoo. Na wewe kaka wa Kigoma, naomba nikuambie, sisi hatujasubiri reli istaafu. Daraja tunalitumia leo.

Najua hairuhusiwi. Lakini masika mto ukijaa, ng'ambo kuna mashamba, kuna ndugu, kuna gulio. Utazunguka wapi? Basi unafika ukingoni, unavua kandambili na kuzishika mkononi, kwa sababu zinateleza kwenye mbao zilizodondokewa mafuta. Dumu la lita 20 la mawese liko kichwani. Unakanyaga taruma hadi taruma, na katikati ya moja na jingine unaona maji yanavyokwenda chini yako. Ukiyaangalia sana kichwa kinazunguka, kwa hiyo macho unayatupa kwenye mataruma matatu ya mbele tu. Mwenye baiskeli anaibeba begani, maana tairi inazama kwenye pengo. Kabla ya kuanza, mtoto mmoja anatangulia hadi kwenye kona kutazama kama treni inakuja, na mtu mzima anagusa reli kwa kiganja kama inatetemeka. Treni ikikukuta katikati, kuna vibaraza vidogo vimetokeza pembeni, unajibana hapo na mzigo wako, linapita, nguo zote zinapepea.

Kwa hiyo mkijadili Paris mkumbuke kuna watu wanavuka. Sisi tunataka mbao za kuziba mapengo na kizuizi cha kushika pembeni, huo ndio mradi mzima.

MwanaWaGangi (Kigoma)

Dada umemaliza. Hicho ndicho nilichokuwa natafuta maneno ya kukisema.

Mzee wa Urambo, shikamoo. Swali moja tu: hicho chuma ni mali ya nani? Reli na madaraja yake ni mali ya shirika la umma. Likikatwa na kuuzwa, fedha haziji kwenye zahanati ya Urambo wala Kazuramimba. Kijiji kitapoteza kivuko na hakitaona hata senti. Lakini likibaki kama njia, anayefaidika ni yule aliye jirani nalo.

Mwalimu_Unyanyembe (Tabora)

Niongeze la historia na la sheria.

La historia: tuna mfano wetu wa kung'oa reli. Wakati wa mradi wa karanga wa Mwingereza, kusini kulijengwa reli kutoka Mtwara kuelekea Nachingwea. Mradi wa karanga ulikufa, reli ikakosa mzigo, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 ikafungwa na kung'olewa. Leo wanaolilia reli ya kusini wanaanza moja. Tuta likishalimwa na kujengewa nyumba, kulirudisha ni fidia juu ya fidia. Wenzetu wa Hispania na Uingereza faida kubwa ya kuyageuza matuta kuwa njia za baiskeli ni hiyo: ule ukanda wa ardhi unabaki mzima.

La sheria: watu wengi wanadhani kila jengo la Mjerumani linalindwa kama mali ya kale. Hapana. Sheria yetu ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda moja kwa moja yale ya kabla ya 1863. Reli ya Kati mwaka huo haikuwa hata ndoto. Kwa hiyo stesheni ya Kigoma, daraja, tangi la maji la injini za mvuke, vyote vinahitaji Waziri avitangaze ndipo vilindwe. Bila tangazo, daraja la 1914 kisheria ni chuma kama chuma kingine.

Na si kwamba hatuwezi. Kule Amani, Tanga, kulikuwa na reli ndogo ya Mjerumani kutoka Tengeni kupanda hadi Sigi, kwa ajili ya magogo. Reli haipo siku nyingi, lakini nyumba ya mkuu wa stesheni pale Sigi ilikarabatiwa ikawa kituo cha kupokea wageni wa hifadhi ya Amani. Hapa Tabora hoteli ya reli ya zamani inapokea wageni hadi leo. Vyote hivyo vimebaki kwa sababu vina kazi, na hapo nakubaliana na mleta uzi.

FundiRibiti (Tabora)

Mimi ni mtu wa vyuma, niwape upande ambao wapenda picha huwa wanauruka.

Habari njema: daraja lililobeba treni lina nguvu za ziada ukilipeleka kwa watembea kwa miguu. Injini moja ya dizeli ni makumi ya tani, na inakuja na mtikisiko na breki. Watu na baiskeli hawafiki huko. Kwa kawaida mihimili si tatizo.

Tatizo liko sehemu tatu. Ya kwanza ni msingi. Mto ukihama kidogo unachimba chini ya nguzo, na hilo hulioni ukiwa juu. Madaraja mengi duniani huangushwa na maji kuliko mzigo. Ya pili ni pale maji yanapotuama: kwenye viungo, chini ya mataruma ya mbao, kwenye vikalio vya mihimili. Rangi juu inang'aa, ndani kutu imeshakula. Ya tatu ni rangi yenyewe. Rangi za zamani za chuma zilikuwa na risasi, kwa hiyo msije mkawaita vijana wa mtaa wakwangue kwa msasa bila kinga, vumbi lile ni sumu, na linaangukia mto mnaokunywa.

Mfano wa kutisha ni Kinzua, Pennsylvania, Marekani. Daraja la bonde, urefu wa kwenda juu kama mita 92. Lilijengwa kwa chuma cha kufua (wrought iron) 1882, likajengwa upya kwa chuma cha pua (steel) 1900 treni zilipozidi uzito. Sasa sikilizeni: bolti za kulishikilia kwenye msingi walizitumia tena zilezile za 1882. Daraja likastaafu, likawa kivutio, treni ya watalii inapita juu. Mwaka 2002 wakalifunga kwa ajili ya kutu, na mwaka uliofuata kazi ya kulikarabati ikaanza. Julai 2003, kabla hawajamaliza, kikapita kimbunga kikaangusha minara 11 kati ya 20. Wachunguzi wakakuta zile bolti za chini zimeliwa. Sehemu iliyobaki wameigeuza jukwaa la kutembea, lilifunguliwa 2011, ukifika mwisho unaangalia vyuma vilivyolala bondeni. Hata magofu wamepata namna ya kuyatumia.

Kwa hiyo mkishamaliza kupiga picha za juu, mtu ashuke chini na nyundo na tochi.

Kijana_wa_Kibirizi

Fundi umenitisha, kumbe hata Wamarekani wanalipua mambo. Nasoma kimyakimya, endeleeni.

MtotoWaUjiji (Manchester)

Salamu kutoka baridini. Niko Manchester, nyumbani Ujiji. Uzi umenigusa maana daraja la aina hii napita karibu yake mara kwa mara.

Linaitwa Castlefield Viaduct. La chuma, la 1892, mita 330 hivi. Lilikuwa linapeleka treni stesheni ya Manchester Central, likafungwa 1969. Stesheni yenyewe waliigeuza ukumbi wa maonyesho na mikutano miaka ya 1980, lakini daraja likakaa zaidi ya miaka 50 bila kazi, majani yakijiotea. Mwaka 2022 taasisi ya National Trust ikafungua bustani juu yake. Kilichonifurahisha, kipande kimoja wamekiacha kilivyokuwa, magugu na vyote, watu waone muda ulivyopita.

Lakini msidhani huku wote wana akili. Kuna kitengo cha serikali kinachotunza madaraja ya reli zilizokufa, yapo zaidi ya 3,000. Mwaka 2021 daraja moja dogo la mawe la Great Musgrave, huko Cumbria, walilijaza changarawe na zege chini ya tao hadi juu, eti usalama. Wananchi wakachachamaa, kwa sababu kuna watu walikuwa wanapanga kuunganisha reli mbili za kumbukumbu, zile za zamani zinazotunzwa kwa ajili ya wageni, kupitia palepale. Halmashauri ikakataa kuipa kazi ile kibali baada ya tukio, na 2023 wakalazimika kulitoa zege lote. Walilipa kujaza, wakalipa kuzibua.

Na lile la Bennerley, karibu na Nottingham. La chuma cha kufua, 1877, mita kama 440. Lilifungwa 1968 na wakataka kulibomoa. Likawashinda kwa bei: chuma cha kufua hakikatiki kirahisi kwa gesi kama chuma cha pua, ingebidi lifunguliwe kipande kwa kipande. Wakaliacha. Mwaka 2022 likafunguliwa kwa waenda kwa miguu na baiskeli. Liliokolewa na ubishi wa chuma chenyewe, ha ha.

MzeeWaTumbaku (Urambo)

Marahaba mama wa Kazuramimba, na wewe kijana wa Kigoma. Nimesoma yote. Hili la fedha za chakavu kutokuja kijijini limenifikirisha, nakubali lina ukweli. Lakini bado hamjanijibu: nani atalipa hizo mbao kila zinapooza? Mzungu ana taasisi. Sisi tutachangishana? Barabara ya mtaa tu tunashindwa kuchonga mfereji.

Wakili_Mtaani (Kaliua)

Nami niongezee swali baya zaidi la mzee. Mtu akianguka, mzigo wa kesi ni wa nani? Leo MamaMawese akivuka yeye ndiye mkosaji, yuko ndani ya hifadhi ya reli bila ruhusa. Siku mkiweka mbao na kizuizi mmemkaribisha, na aliyemkaribisha mgeni anawajibika. Hapo ndipo ofisi yoyote itakapochagua kulikata daraja liishe.

Dawa yake ni makaratasi kabla ya mbao. Ama shirika libaki mmiliki na halmashauri ipangishwe kwa muda mrefu kwa ada ndogo, ama daraja likabidhiwe rasmi wakala wa barabara za vijijini liingie kwenye orodha ya barabara zake na bajeti yake. Njia ya pili naipenda zaidi. Kivuko kikishakuwa kwenye orodha, matengenezo yake yanaombwa kama ya kalavati lolote. Kikiwa nje ya orodha ni mradi wa mfadhili, na mfadhili anaondoka baada ya kukata utepe.

MwanaWaGangi (Kigoma)

Wakili, hili lako naliweka juu kabisa. Kuna kamati hapa mitaani zimeundwa kwa fidia tu, na makabidhiano ya miundombinu ya zamani hakuna anayeyauliza kwenye mikutano ya hadhara. Kuyauliza sasa hakugharimu kitu. Mkandarasi akishaondoka itakuwa ni kuandika barua.

Mzee, kuhusu mbao. Kazuramimba, Uvinza na Nguruka watu wanalipa sasa hivi ili kuvuka mito masika, kwa mtumbwi. Sisemi tuweke geti la kutoza mama mwenye dumu. Nasema gharama ipo tayari, inatoka mfukoni mwa watu kidogokidogo na hakuna anayeiandika popote. Isitoshe daraja linaweza kubeba vitu vingine: bomba la maji, nyaya za umeme, mkongo wa mawasiliano. Hao wenye bomba na nyaya wana bajeti, na wakipitisha mali yao juu ya daraja watakuwa wa kwanza kupiga kelele likianza kutikisika.

MtotoWaUjiji, nimependa la Great Musgrave. Ila nawe kumbuka High Line ilivyowageuka. Kodi za nyumba jirani zilipaa, na mmoja wa waanzilishi wake, Robert Hammond, alikuja kusema hadharani kuwa hawakuwatendea haki wakazi wa nyumba za umma waliokuwa palepale. Kazuramimba hakuna ghorofa za kupanda bei, lakini viwanja vya karibu na kivuko vitapanda, na wenye habari mapema ni walewale.

Mwalimu_Unyanyembe (Tabora)

Nyongeza fupi. Tusisahau kuwa Afrika Mashariki kuna madaraja marefu kuliko haya yetu. Reli ya Uganda, upande wa Kenya, kutoka Bonde la Ufa kuteremka hadi Kisumu, ilikuwa na madaraja ya bonde 27 yaliyotengenezwa na American Bridge Company ya Marekani mwanzoni mwa karne iliyopita, kwa sababu viwanda vya Uingereza vilizidiwa na oda. Na TAZARA yetu ina lile la mto Mpanga lenye nguzo za mita 50. Siku wakianza mjadala kama huu Kisumu au Mlimba, itakuwa ni wa madaraja ya kupanda ngazi. Sisi tuna bahati, mengi ya kwetu ni ya chini, mtu anaweza kuyakagua akiwa amesimama mchangani kiangazi.

FundiRibiti (Tabora)

Sahihi kabisa mwalimu. Kiangazi ndio wakati wake. Maji yakishuka msingi wote unauona, na kama mto umechimba utaona nguzo imeachwa hewani upande mmoja. Mwenye simu apige picha za miguu ya nguzo, si za machweo.

MamaMawese (Kazuramimba)

Picha nitapiga, ila naomba mtuandikie mapema upana. Mkiweka kizuizi pande zote mbili, baiskeli mbili zenye mizigo zitapishana?

FundiRibiti (Tabora)

Dada, reli yenyewe ni ya mita moja, mataruma yametokeza kila upande, kwa hiyo sakafu utakayopata ni kama mita mbili. Baiskeli mbili tupu zinapishana. Zenye madumu pembeni, hapana. Vile vibaraza vya kujibana treni ikija msiviondoe, vipanueni kidogo viwe mahali pa kupishana.

MzeeWaTumbaku (Urambo)

Na baiskeli yenye robota la tumbaku?

FundiRibiti (Tabora)

Mzee, hiyo ivuke peke yake, wengine wasubiri ng'ambo.